Sura ya Saba: Nukta Zilizotupwa

"Afande, kuna kitu nilikitupa."

Mkaguzi wa Polisi Ernesta Bulugu aliinua macho kutoka kwenye jalada. Niyibizi alikuwa amesimama kando ya kompyuta, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Na kumbe kabla ya vita yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, wa hesabu, kwao Burundi. Sasa aliishi kambi ya wakimbizi ya Lukole, na alikuwa amefika Biharamulo na msafara wa asubuhi, mfukoni ana kibali cha siku mbili chenye mihuri mitatu.

"Umetupa nini, Mwalimu?"

"Nukta. Elfu tano mia nane hamsini na saba."

Ernesta alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaghairi.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, mwaka wa 2004. Saa nane mchana gari lingemchukua mzee Nyandwi kumpeleka gereza la mkoa kusubiri kesi ya mauaji. Jalada lake lilikuwa jembamba lakini limekamilika. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya onyo ambamo mzee amekiri kwa kidole gumba, maelezo ya shahidi wa mwisho kumwona marehemu akiwa hai, na ramani iliyochorwa na Niyibizi Jumamosi iliyopita. Leo Ernesta alikuwa amemwita tena amchoree ramani hiyohiyo kwa ukubwa zaidi, hakimu aione bila miwani.

Marehemu aliitwa Bonaventura. Alikuwa mpimaji wa visima wa shirika moja la maji lililofanya kazi kambini na vijijini. Alikutwa Ijumaa alfajiri, amelala kifudifudi ukingoni mwa shamba la mihogo la Nyandwi, Nyantakara, nyonga na paja vimevunjika. Daktari aliandika: kitu kizito butu. Kwenye mfuko wa suruali yake, chini ya goti, kulikuwa na kidude cha njano kikubwa kama pakiti ya sigara, kile kinachoongea na satelaiti na kuandika kila baada ya sekunde kumi mahali kilipo. Wapimaji walikiita jipiesi, na polisi nao wakakiita hivyohivyo walipokitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Sababu ya ugomvi haikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Wiki moja kabla, Bonaventura alikuwa amepigilia vigingi karibu na chemchemi, ndani ya shamba la Idefonsi, mwana wa Nyandwi. Idefonsi aliving'oa vyote na kuapa mbele ya watu kwamba mpimaji akirudi atazikwa navyo.

"Eleza polepole," Ernesta alisema. "Umetupaje?"

"Jumamosi uliniambia unataka ramani ambayo hakimu ataielewa kwa kuitupia jicho mara moja. Kidude kilikuwa kimeandika nukta elfu tano mia nane sabini na moja. Nikizichora zote kwenye karatasi, zinarundikana, hakuna kinachosomeka. Nikaandika programu fupi, mistari arobaini tu. Inafunga uzi kutoka nukta ya kwanza hadi ya mwisho, inatafuta nukta iliyo mbali kuliko zote na ule uzi. Ikiwa imepita mita mia mbili, inaibakiza, na uzi unavutwa hadi hapo. Ikiwa ndani ya mita mia mbili, inaitupa, pamoja na wenzake wote wa kipande hicho. Inarudia hivyo kila kipande. Zikabaki kumi na nne."

"Na njia ikabadilika?"

"Njia haikubadilika. Lakini kila nukta ilikuwa na saa yake, afande. Nilipozitupa, saa nazo zikaenda. Leo nilipofungua upya nilisahau kuiendesha ile programu. Zikaja zote. Sogea uone."

Ernesta alisogeza kiti. Kompyuta ile haikuwa ya polisi. Kituo kilikuwa na taipureta moja isiyo na herufi *k*. Chumba, kompyuta na hata umeme wa jenereta vilitolewa na Matiasi, mkuu wa usafiri wa shirika, ambaye tangu msiba utokee alikuwa amejitolea kwa kila kitu. Ndiye aliyenunua jeneza. Ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu kaburini huku machozi yakimtoka. Ndiye pia shahidi wa mwisho.

Kwenye skrini nyeusi ulilala mstari wa nukta nyekundu. Sehemu nyingine zilibanana kama siafu, sehemu nyingine ziliachana.

"Mtu akitembea," Niyibizi alisema, akigusa kioo kwa ncha ya kalamu, "kwa sekunde kumi anakwenda mita kumi na mbili, kumi na tatu. Huyu hapa Nyamahanga, kuanzia saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Kisima. Kisima. Anapumzika. Kisima. Saa tatu na dakika hamsini na mbili yuko barabarani, anasimama. Dakika kumi na moja hasogei. Kisha nukta zinaruka: mita tisini, mia, mia na kumi."

"Gari."

"Gari."

"Hilo tunalo." Ernesta alifunua jalada akasoma maelezo ya Matiasi. "'Nilimkuta barabarani Nyamahanga, akapanda kiti cha mbele. Nilikwenda naye moja kwa moja bila kusimama popote hadi njia panda ya Nyantakara. Alishuka akiwa mzima wa afya, akaelekea kwa miguu shambani kwa Nyandwi.' Ramani yako inakubaliana naye."

"Ramani ya Jumamosi ilikubaliana naye." Niyibizi alihamisha kalamu. "Bila kusimama popote, anasema. Na hapa?"

Palikuwa na doa jekundu, nene, kando kidogo ya barabara.

"Nukta mia mbili themanini na mbili mahali pamoja. Kutoka saa nne na dakika thelathini na moja hadi saa tano na dakika kumi na nane. Dakika arobaini na saba. Ni karibu na barabara, chini ya mita mia mbili, ndiyo maana programu ililifuta."

"Ni wapi hapo?"

Niyibizi alikiomba kile kielelezo cha njano, akakitia betri mpya mbele ya macho ya Ernesta, akakiweka dirishani. Walisubiri. Tarakimu ziliyumba, zikatulia. Alizisoma kwenye kidude, akazisoma kwenye skrini, akazisoma tena kwa sauti kwa lugha yake, kama mtu asiyeamini anachohesabu.

"Ni hapa, afande."

"Hapa Biharamulo?"

"Hapa. Ua huu." Alinyoosha kalamu kupitia dirishani. "Pale bandani."

Ernesta aligeuka. Banda la magari lilikuwa hatua thelathini kutoka walipokaa. Nyuma ya uzio wa michongoma lilionekana paa la kituo cha afya, na upepo ulileta sauti za akina mama waliokuwa wakisubiri kupima watoto. Mwendo wa dakika mbili kwa miguu. Siku tano alikuwa amekaa kwenye chumba hiki akinywa chai ya Matiasi na kumshukuru.

Alikunja jalada taratibu. "Kusimama si kuua, Mwalimu. Huenda walikunywa chai."

"Huenda."

Alitoka nje akamwita Koplo Juvenali, aliyekuwa akizungumza na mlinzi getini. "Nenda bandani, omba maji ya kunywa. Litazame lile Land Cruiser la Matiasi kwa mbele. Usiguse, usiulize."

Juvenali alirudi bado anajifuta mdomo. "Afande, gari lote limechubuka kama ng'ombe wa mnadani. Lakini taa ya kushoto ina kioo kipya kinang'aa, na bampa upande huohuo limepakwa rangi kwa brashi. Rangi haina hata vumbi la wiki mbili."

"Simama mlangoni. Usiingie mpaka nikuite."

Aliporudi ndani, Matiasi alikuwa amekwisha kuingia kwa mlango wa pili, ameshika chupa ya chai na vikombe vitatu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, shati limepigwa pasi.

"Dada Ernesta, leo mmefanya kazi bila kifungua kinywa. Ramani imekamilika?"

"Bado kidogo, kaka. Keti. Kuna jambo dogo la kunyoosha kwenye maelezo yako." Alimpokea kikombe. "Siku ile mlisimama popote njiani?"

"Nilishaeleza. Moja kwa moja."

"Hata hapa uani?"

Chai ilikuwa inamiminika. Haikukatika, ila ilijaa kikombe ikapita, ikamwagika mezani. Matiasi alitoa leso akaanza kufuta.

"Labda hapa, ndiyo. Nilichukua mafuta. Dakika mbili, tatu. Si jambo la kuandika."

"Arobaini na saba," alisema Niyibizi.

Alisema bila kugeuka. Alikuwa ameinamia skrini, anaendelea na nukta zake, na katika hesabu zake mtu aliyeingia na chai hakuwa na uzito zaidi ya nzi. Ernesta alitaka kumnyamazisha, lakini alimwona Matiasi ameacha kufuta, akaamua kunyamaza yeye.

"Na kuna jingine, afande. Baada ya njia panda nilitegemea nukta za miguu. Hamna. Gari liliacha barabara likaingia kwenye njia ya ng'ombe. Mita hamsini kwa sekunde kumi, arobaini, hamsini. Hakuna mtu anayekimbia hivyo. Kilomita mbili nzima. Linasimama saa sita na dakika sita, na saa sita na dakika kumi kila kitu kinatulia."

"Pale alipokutwa."

"Hapana. Ndiyo ninayokuambia." Sauti ya Niyibizi ilishuka. "Alikutwa hapa, ukingoni mwa mihogo. Gari lilimwacha hapa. Katikati kuna mita sitini na nne."

Ernesta aliweka kikombe mezani. "Kidude kinakosea. Uliniambia mwenyewe kinakosea mita kadhaa."

"Kinakosea. Kikilala mahali pamoja, nukta zinazunguka kama nzi juu ya sahani; zinakwenda huku zinarudi kule, hazina safari. Tazama za jioni, hadi betri ilipokufa saa tano usiku. Zinazunguka tu. Sasa tazama hizi za mchana. Mita moja. Zinatulia. Mita mbili. Zinatulia dakika tisa. Mita moja na nusu. Hazirudi nyuma hata mara moja. Zinaelekea upande mmoja, upande wa nyumba. Kwa saa moja na dakika arobaini na nane, mita sitini na nne." Hapo ndipo alipogeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Anatambaa, afande. Mtu huyu anatambaa."

"Haiwezekani," alisema Matiasi. "Alikuwa ameshakufa."

Nje jenereta lilinguruma, na mama mmoja kule kituo cha afya alimwita mwanawe kwa jina.

Matiasi mwenyewe ndiye aliyeonekana kushtuka kuliko wote. Alitazama mdomo wa chupa ya chai kana kwamba maneno yalitoka humo.

"Juvenali!" Ernesta aliita. Koplo akaingia. "Matiasi, nakuonya kwamba hulazimiki kusema chochote, na utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Alikuwa hapumui, dada. Niliweka mkono puani."

"Umeelewa onyo?"

"Nimeelewa." Alikaa. "Alichomoka kwenye nyasi. Shirika lilikuwa limenikataza kushika usukani tangu ajali ya mwaka jana. Nilimpakia nyuma. Nilisema nampeleka kwa daktari. Nikafika hapa, nikaingiza gari bandani, nikafunga mlango nikapiga magoti. Nilikuwa naomba. Niliposimama sikusikia pumzi."

"Dakika arobaini na saba uliomba, na daktari yuko nyuma ya uzio."

Matiasi aliikunja leso, akaikunjua.

"Kwa nini Nyantakara? Pori lote hili, kwa nini shambani kwa Nyandwi?"

Matiasi alijifuta uso kwa leso iliyolowa chai. "Vigingi," alisema. "Nilikuwa nimesikia habari ya vigingi."

Juvenali alimtia pingu. Walipofika mlangoni Matiasi alisita, akamtazama Niyibizi, si Ernesta.

"Hadi saa ngapi?"

Niyibizi alisoma kwenye skrini kwa sababu ndivyo alivyozoea kujibu. "Saa saba na dakika hamsini na nane."

Matiasi alitoa sauti ambayo Ernesta hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima, akaburutwa nje.

Ernesta alibaki na jalada. Alitoa picha za maiti na kuziangalia upya. Viwiko vilikuwa vimejaa udongo mwekundu, kucha zimekatika, kifua cha shati kimesagika. Mara ya kwanza alikuwa ameandika *dalili za kupambana*. Kisha akatafuta maelezo ya Speciose, mke wa Nyandwi, aliyoyachukua mwenyewe Ijumaa. Sentensi ya mwisho: *Mchana nilisikia kama mwana-mbuzi analia kwenye mihogo, sikwenda, maana sisi hatuna mbuzi.* Ubavuni mwa sentensi hiyo, kwa mwandiko wake yeye Ernesta, kulikuwa na neno moja: *haihusiani*.

"Mwalimu, zichore zote," alisema. "Usitupe hata moja. Na saa zake."

"Zitajaa karatasi ngapi, afande?"

"Zijae."

Ernesta alifika kituo cha polisi saa saba na nusu. Gari la kwenda gereza la mkoa lilikuwa limekwisha kuwashwa, na Nyandwi amekaa kwenye benchi la mbele ya kaunta, mikono kwenye pingu, kofia magotini. Alikuwa ameingia nchi hii mwaka sabini na mbili, kijana mwenye mkeka kichwani, akalima Nyantakara hadi nywele zikageuka. Udongo na mihogo vilimfahamu kuliko ofisi yoyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

"Mfungue," Ernesta alimwambia askari wa zamu. Kisha akakaa kwenye benchi, jambo ambalo askari yule hakuwahi kumwona akilifanya. "Mzee Nyandwi, ulikiri kwamba ulimpiga Bonaventura kwa mpini wa jembe. Ulimpiga wapi?"

"Kichwani."

"Kichwa chake hakikuwa na jeraha la mpini. Huo mpini uko wapi?"

"Niliuchoma moto."

"Bonaventura aligongwa na gari Nyamahanga, asubuhi. Aliyemgonga amekiri sasa hivi mbele yangu. Alimtupa shambani kwako ili uonekane wewe. Hukumpiga mtu yeyote, mzee. Kwa nini ulikiri?"

Nyandwi alisugua mikono pale pingu zilipokuwa.

"Kweri, afande?"

"Kweli."

"Kwa hiyo si Idefonsi?"

Ernesta alihisi benchi limemkimbia. "Nani alisema ni Idefonsi?"

"Wewe." Alisema bila hasira, kama anayemkumbusha mtu alipoacha fimbo yake. "Jumapili ulinionyesha karatasi. Mstari ulitoka njia panda, ukanyooka, ukapita mlangoni kwangu, ukaishia kwenye mihogo. Uliniambia: mzee, mashine haina ugomvi na mtu. Mimi siku ile nilikuwa gulioni, watu mia waliniona. Nyumbani walikuwa Speciose na kijana. Speciose hawezi kuchinja kuku. Nikajua ni mwanangu. Ana miaka ishirini na minne, afande. Mimi nimeshakula chumvi yangu."

"Ukakiri Jumatatu." Baada ya kukiri, hakuna askari aliyemuuliza Idefonsi neno. Ernesta mwenyewe alikuwa amelifuta jina lake kwenye orodha. "Yuko wapi sasa?"

"Jumapili mama yake aliponiletea chakula, nilimwambia kwa Kirundi, askari wenu hawakusikia. Mwambie aende Kabanga, avuke mpaka. Aulize mlima wa babu yake, wapo watakaomjua."

"Kule bado wanapigana!"

"Najua. Huku nilijua kamba inamngoja." Aligeuza kofia magotini. "Alikana, afande. Alimwambia mama yake, akalia, akaapa kwa Bikira Maria kwamba hata hakumwona mtu huyo. Mama yake akarudi jioni ileile kuniambia. Nikamjibu asimsikilize. Nikamwambia mstari umeandikwa."

Ernesta aliinuka. Alivuka kaunta, akachukua kipaza sauti cha redio, akawaita wenzao wa mpakani Kabanga. Mawimbi yalikoroma. Alitaja jina, umri, urefu, kovu la panga kwenye dole gumba la kushoto kama Nyandwi alivyomtajia kutoka benchini. Aliwaomba watazame daftari la kuanzia Jumapili. Wakamwambia asubiri. Dereva wa gari la gereza alichungulia mlangoni. Ernesta alimpungia mkono azime injini.

Sauti ilirudi baada ya muda, kijana mchangamfu, nyuma yake wabadilisha fedha wakiitana.

"Yupo, afande. Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mimi ndiye niliyemwandika, namkumbuka vizuri. Nilimuuliza anakwenda wapi huko kwenye risasi, akasema anakwenda kwao." Akacheka kidogo. "Halafu akaniuliza njia."

Ernesta aliendelea kubonyeza kitufe cha kuzungumzia. Nyuma yake Nyandwi alikuwa amesimama, amevaa kofia, amesogea hadi kaunta.

"Wanasemaje?" aliuliza mzee. "Afande, wanasemaje?"